Ana kwa ana: poka inapobaki watu wawili

Kwenye bao hakuna mtu wa tatu. Mnakaa wawili tangu kete ya kwanza, na watazamaji kazi yao ni kupiga kelele. Poka haianzi hivyo. Mnaweza kuanza wanane, mmoja mmoja akatoka, mpaka wakabaki wawili wanaotazamana. Kipande hicho cha mwisho ndicho ninachokiita hapa ana kwa ana. Vijana wanaocheza kwenye simu wanakiita hedsapu. Ukikitazama juu juu utadhani ni mchezo uleule: karata 52, kila mtu ana mbili za siri, tano zinafunguliwa mezani kwa wote. Lakini anayeendelea kucheza kama walipokuwa wanane ataliwa polepole mpaka aishe, kisha atazilaumu karata.

Barazani kwetu Mkunazini tunachezea kete za bao. Mabao mawili yanatoa kete 128. Watu wanane, kila mmoja 16. Fedha hazimo. Kuna wakati tulipanga anayeshindwa anunue kahawa, mzee mmoja akatuambia hiyo ni kamari iliyotiwa tangawizi. Tukaacha.

Chukua ree, karata iliyo kubwa kuliko zote katika poka. Wakicheza wanane, karata 16 ziko mikononi mwa watu, na karibu mara 78 katika 100 angalau mmoja wao ameshika ree. Wakibaki wawili, karata zilizo mikononi ni nne tu, na hesabu inashuka hadi kama 28. Kwa hiyo mzungu wa nne, yaani mfalme, mwenye 5 pembeni, mkono ambao mwanzoni unautupa bila ya kufikiri, sasa mara nyingi ndio mkono mkubwa zaidi mezani. Anayejua wahedi wa sitini, mchezo wetu wa karata wa kuhesabu pointi, halimshangazi hili. Kule saba ina thamani ya 10 na inampiga mzungu wa nne mwenye 4 zake. Karata haina cheo cha kudumu. Mchezo ndio unaoipa.

Hata mkono mbovu kuliko yote unabadilika. Penye watu wengi husemwa ni 7 na 2 za rangi tofauti. Wakibaki wawili, mbovu zaidi ni 3 na 2, kwa sababu ile saba peke yake inaweza kushinda pale ambapo hakuna aliyepata jozi. Na hiyo 3 na 2, ikifika hadi karata ya tano dhidi ya mkono uliotoka kwa bahati tu, hushinda kama mara moja katika tatu. Mbovu, lakini si maiti.

Kuna hesabu nyingine ya kuweka kichwani: mwenye karata mbili zisizolingana, zikifunguliwa tatu za mwanzo mezani, hupata jozi au zaidi kama mara moja katika tatu. Maana yake mara nyingi wote wawili hamna kitu. Hapo kete huchukuliwa na aliyethubutu kuweka dau kwanza. Na wewe ukipata jozi, hata ya 6, usiitazame kwa dharau kama ulivyozoea.

Sasa madau ya lazima, dogo na kubwa, yanayowekwa kabla ya karata kugawiwa. Wakiwa wanane, unayalipa mikono miwili katika minane na sita iliyobaki unakaa bure ukinywa kahawa. Wakibaki wawili, hakuna bure. Tuseme madau yamefika kete 4 na 8: kila mikono miwili inakula kete zako 12, umecheza usicheze. Subira iliyokufikisha hapa ndiyo inayokumaliza.

Mahali pa kukaa panawachanganya wengi. Ana kwa ana, mgawaji ndiye anayeweka dau dogo. Anaamua kwanza kabla ya zile tatu kufunguliwa, kisha anaamua wa mwisho katika raundi zote zinazofuata. Kumwona mwenzako alichofanya kabla hujafanya chako ni mali. Januari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza programu yao, Cepheus, iliyocheza karibu bila ya kasoro poka ya watu wawili yenye kikomo cha dau, na hesabu zao zilionyesha kwamba faida iko kwa mgawaji. Kwa hiyo zamu yako ya kugawa ikifika, cheza mikono mingi na upandishe dau. Zamu ya mwenzako, punguza.

Kete zikiwa chache, mambo huwa mepesi zaidi. Kwanza hesabu za yule aliyepungukiwa: ukiwa na 88 na mwenzako 40, kinachochezwa ni 40; zile 48 zako za ziada zinatazama tu. Kisha gawa kwa dau kubwa. Arubaini kwa nane ni tano, na chini ya kumi mimi naona maamuzi yaliyobaki ni mawili: tia zote au tupa. Anayetia zote ana njia mbili za kushinda, mwenzake atupe au karata zimbebe. Anayelifuata tu dau la mwenzake ana moja.

Hofu ya kutoka inaeleweka. Katika mashindano madogo ya watu tisa, mgawanyo wa zawadi uliozoeleka ni 50, 30 na 20 kwa mia. Mkiwa watatu, kungoja mwingine atoke kuna faida. Mkibaki wawili, 30 umeshaitia kibindoni na kinachogombaniwa ni 20 za juu yake. Hakuna tena wa kumngojea.

Kijana mmoja wa barazani kwetu alifika hapo na kete zake 40, madau yakiwa 4 na 8. Zamu yake ya kugawa, anatupa kwanza; zamu ya mwenzake, mwenzake anapandisha, yeye anatupa. Alitupa mzungu wa nne na 5, akatupa mzungu wa pili, yaani malkia, na 9. Mikono sita, kete 36. Mkono wa saba kete nne zilizobaki zikaingia zote kwenye dau la lazima, akapata ree mbili, akashinda. Kete nne zikawa nane.