Tezi na Boriti Zilizooza: Ukarabati wa Boti Kuukuu ya Faiba

Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni mbao zilizofunikwa ndani yake ili kuipa boti nguvu, yaani ubao wa tezi (upande wa nyuma wa boti) unaobeba mashine, pamoja na boriti za urefu zilizo chini ya sakafu, ambazo mafundi wengi huziita stringa. Hapa Mtwapa, pwani ya Kenya, boti za namna hii huniletea kazi zaidi baada ya masika, na mwenye chombo hustaajabu kwamba kimeoza wakati kilipokuwa kimepandishwa nchi kavu kuukwepa msimu wa upepo wa kusi. Kuvu inayokula mbao huhitaji unyevu, na maji ya chumvi huidhoofisha. Kwa hiyo mvua iliyotuama ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, kwa miezi miwili, huku tundu la kutolea maji likiwa limezibwa, hudhuru kuliko msimu mzima wa uvuvi.

Kwanza huigonga tezi yote kwa nyundo ya plastiki, nikisikiliza mahali ambapo mlio mkali hugeuka kuwa mzito. Kisha hutoboa kwa keekee nyembamba kutoka ndani, bila kulifikia gamba la nje, na kuutazama unga unaotoka: mkavu na mweupe ni salama, mweusi na wenye majimaji ni uozo. Wengi huomba matundu hayo yamiminiwe rezini nyepesi (kimiminika kinachogeuka kigumu), kazi iishe siku hiyo hiyo. Siifanyi kazi hiyo, kwa sababu rezini haipenyi mbao iliyolowa. Hufungia unyevu ndani, na tezi iliyobeba mashine ya kilo 200 haipaswi kutegemea matumaini.

Kabla ya kukata chochote, boti lazima ikalishwe juu ya magogo na vihimili vilivyopangwa kufuata umbo lake, kwani boriti ndizo zinazolishika umbo hilo. Hubadilisha boriti moja, ikakauka, ndipo nikaigusa ya pili. Niliwahi kupokea boti ya futi 23 ambayo boriti zake zote zilikuwa zimeng'olewa kwa pamoja. Chini yake palibonyea kidogo karibu na tezi, na tangu hapo omo, yaani sehemu ya mbele, iliinama kila boti ilipopewa kasi. Kosa hilo halirekebishiki kwa rangi.

Kwa tezi, hukata gamba la ndani kwa grainda, nikiacha ukingo wa sentimita chache pembeni, kisha huchimba mbao kwa patasi hadi kwenye gamba la nje, ambalo hulisugua mpaka faiba safi ionekane. Vumbi la faiba ni hatari kwa mapafu, hivyo barakoa ya kuchuja vumbi haivuliwi. Ubao mpya ni plaiwudi ya baharini, vipande viwili vya milimita 18 vilivyounganishwa kwa gundi, huku kingo zake zikipakwa epoksi, aina ya rezini, mara tatu, maana maji huingia kwenye ncha za nyuzi kuliko kwenye uso wa ubao. Huupaka epoksi nzito eneo lote, naukaza kwa jiliwa mpaka epoksi ifurike pande zote, kisha pembe huzijaza kwa mviringo ili kitambaa cha faiba kisipindwe kwa ghafla.

Kuhusu rezini, ile aina iitwayo poliesta hufaa sana kwa kuunda boti mpya, lakini hushika kwa udhaifu juu ya faiba iliyokwisha kukauka miaka mingi na juu ya mbao. Hapo hutumia epoksi na kitambaa kilichofumwa, si ile mati ya nyuzi fupi, kwa kuwa gundi inayozishika nyuzi za mati nyingi huyeyushwa na poliesta, si na epoksi. Gamba la zamani husuguliwa kwa mteremko wa 12 kwa 1. Unene wa milimita 5 huhitaji mteremko wa milimita 60. Katika joto letu huchanganya kiasi kidogo alfajiri, kwenye sinia pana, kwani epoksi iliyorundikana koponi huchemka yenyewe. Kipimo cha hadina, dawa inayoigandisha epoksi, hakibadilishwi kwa haraka ya mtu yeyote.

Mwisho ni matundu ya bolti, ambako uozo ulianzia. Kila tundu hutobolewa kubwa kuliko bolti, likajazwa epoksi, likakauka, ndipo likatobolewa upya kwa kipimo chake, ili bolti isiguse mbao kamwe. Boti inaporudi kwa mwenyewe, humwonyesha namna ya kuiegesha wakati wa kusi: omo juu, turubai limetandwa, na tundu la tezini liko wazi.