Chupa ya dreni ikinyamaza ghafla

Mgonjwa akitoka kufanyiwa upasuaji wa moyo, andika kila saa damu iliyoingia kwenye chupa ya dreni, mrija unaoitoa kifuani: mililita ngapi, rangi gani, ina mabonge au haina. Kwa mtu mzima, ikifika 400 ndani ya saa moja, au ikishikilia 200 kila saa, mpasuaji aitwe papo hapo, hata kama ni saa tisa usiku.

Anavuja kwenye mshono, au damu yake haigandi? Mshono hauzibwi na dawa. Ni kurudi thieta. Damu isiyoganda hutoka hata palipochomwa sindano. Hapo anza na joto. Mombasa hii tunayotokwa jasho, ni rahisi kusahau kuwa mgonjwa ametoka thieta na nyuzi 35, na kwenye baridi hiyo damu haigandi vizuri. Mpashe moto mpaka apite 36. Kisha kalsiamu, ambayo damu huihitaji ili igande, maana sitreti, kihifadhi kilicho kwenye damu ya kuongezewa, huinasa. Heparini nayo, dawa ya kuzuia damu kuganda aliyopewa thieta, huweza kurudi saa kadhaa baada ya protamini, dawa ya kuizima. Vipimo vikithibitisha, ongeza protamini kidogo, taratibu. Ikizidi, yenyewe huzuia damu kuganda.

Ninaloliogopa zaidi ni chupa iliyokuwa ikipokea 150 kwa saa, kisha ikapokea 10. Wengi hushukuru. Inua mrija kwenye mwanga: ukiona bonge jeusi, laini kama ini, limeziba njia, ujue damu haijakoma, inauzunguka moyo na kuubana. Presha inashuka, mapigo yanakwenda mbio, mishipa ya shingo inatuna, mkojo unapungua. Minya mrija kwa upole; kuukamua kwa nguvu huleta mvuto mkali unaoumiza tishu. Eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ikionekana safi, isikutulize: bonge lililo nyuma ya moyo hujificha. Vifaa vya kukata waya zilizofunga mfupa wa kidari viwe karibu na kitanda tangu mwanzo, kwa sababu moyo ukisimama hakuna muda wa kwenda thieta.

Hatari hii humfuata mgonjwa nyumbani, hasa anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa ajili ya vali ya chuma. Wiki ya pili au ya tatu anachoka, pumzi inakata, anasikia kizunguzungu. Hiyo si malaria mpaka eko na INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, zifanyike. Na dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki, zinazouzwa bila cheti, asiziguse. Akiwa Likoni, avuke feri siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki.