Kwazari au nyota? Mstari mmoja hautoshi

Kwenye picha ya darubini, kwazari ni nukta tu. Ukiilinganisha na nyota huoni tofauti, ingawa nyota imo humu ndani ya galaksi yetu na kwazari ni gesi inayong'aa ikizunguka shimo jeusi, mwanga wake umesafiri mabilioni ya miaka. Rangi husaidia kuchuja, maana kwazari nyingi zina urujuanimno mwingi kuliko nyota za kawaida. Lakini hata nyota kibete nyeupe ziko hivyo, na kwazari zenye mhamo mwekundu (kiasi mawimbi ya mwanga yalivyonyooshwa kuelekea nyekundu; ukiwa mkubwa, kitu kiko mbali zaidi) wa karibu 2.7 zinafanana rangi na nyota tele. Kwa hiyo orodha itokayo kwenye picha ni ya watuhumiwa. Ushahidi uko kwenye spektra, yaani mchoro wa mwanga uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi.

Mimi hutazama kwanza vilima, yaani mistari ambapo mwanga umezidi; ulipopungua ni mabonde. Nyota kibete nyeupe inaweza kuwa na mistari mipana, ila huwa mabonde. Kwazari ina vilima vinene, kwa kuwa gesi yake inakimbia maelfu ya kilomita kwa sekunde: inayotujia inasogeza mwanga upande wa bluu, inayotukimbia upande wa nyekundu, na mstari unatanuka.

Kujua umbali ndiko kwenye kazi. Chukua kilima kilichoko nanomita 560. Kikiwa cha magnesi, ambacho asili yake ni 279.8, mhamo ni 1.0. Kikiwa cha kaboni cha 190.9, ni 1.93. Kikiwa kile kingine cha kaboni, cha 154.9, ni 2.62. Ulimwengu tatu tofauti kwa kilima kimoja! Basi natafuta mwenzake. Kutanuka kwa anga huzidisha mawimbi yote kwa kiasi kilekile, hivyo uwiano haubadiliki: kama 560 ni magnesi, kaboni ya 190.9 lazima iwe karibu na 382. Ikikosekana pale, dhana hiyo naitupa. Mwaka 1963 mwanaastronomia Maarten Schmidt aliifumbua kwazari iitwayo 3C 273 kwa mtindo huohuo, alipoona mpangilio wa mistari ya hidrojeni, wote umesogea kwa asilimia 16.

Programu hufanya hesabu hizi haraka kuliko mimi, ila upande wa nyekundu hukosea, kwa sababu hewa yetu yenyewe hung'aa huko na mabaki ya mng'ao huo hujifanya mistari. Spektra hafifu yenye kilima kimoja naiwekea alama ya kuuliza, hata programu ikiwa imeshaipa namba, kisha naomba ipigwe tena kwa muda mrefu zaidi.