Nyumba Dar es Salaam: tunayoyaamini na yaliyopo

Mvua kubwa ikinyesha na nyumba za mabondeni zikajaa maji, maneno yaleyale hurudi kwenye daladala na vijiweni: hao ni wavamizi, wabomolewe, serikali ijenge maghorofa, mambo yaishe. Mengi kati ya hayo hayaendani na historia ya jiji letu, na yanawaumiza watu ambao hawana pa kujitetea.

"Makazi holela ni ya wavamizi."

Wengi walinunua. Mwenye shamba alikata kipande, mjumbe na majirani wakawa mashahidi, karatasi ikaandikwa. Mauziano yalikuwepo, kilichokosekana ni ramani. Jiji halikuwa limepima eneo hilo, na mtu mwenye watoto hawezi kumsubiri mpimaji miaka kumi. Serikali yenyewe imelikubali hilo: Sheria ya Ardhi ya 1999 iliweka nafasi ya leseni ya makazi, yaani kibali cha muda cha kukaa kwenye ardhi isiyopimwa, na tangu 2004 leseni hizo zikaanza kutolewa Dar kwa wenye nyumba wa maeneo yasiyopimwa.

"Bomoa, watajua pa kwenda."

Tulishajaribu. Miaka ya 1960 Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962, lilivunja nyumba duni Magomeni na kujenga mpya mahali pake. Gharama ikawa kubwa, nyumba zilizoongezeka zikawa chache, na mwaka 1972 sera ikageuzwa: badala ya kubomoa, kuboresha.

Sababu utaielewa ukiingia ndani ya nyumba ya Kiswahili. Ukumbi unapita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo na jiko viko uani. Kila chumba kinaweza kuwa na kaya yake. Ukiivunja umezitoa kaya sita, na anayelipwa fidia ya jengo ni mmoja, mwenye nyumba. Wapangaji hubeba magodoro yao wakatafute chumba kwingine, mara nyingi mtaa uleule, ambako kodi sasa imepanda kwa kuwa vyumba vimepungua.

Sisemi watu waachwe bonde la Jangwani wazame. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia za mabondeni zilipewa viwanja Mabwepande, na kuwaondoa kwenye hatari ilikuwa haki kabisa. Lakini Mabwepande ni mbali na Kariakoo, na mchuuzi anayeishi kwa mauzo ya siku hawezi kulipa nauli hiyo kila kukicha. Wapo waliorudi.

"Maghorofa ya serikali yatamaliza tatizo."

Magomeni Kota, iliyozinduliwa Machi 2022, ni kazi nzuri, na nawafurahia wakazi wake wa zamani waliorudi. Ni nyumba 644. Sasa weka hesabu ya sensa pembeni: 2012 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541, na 2022 wakafika 5,383,728. Hao ni watu wapya kama laki moja kila mwaka. Hakuna bajeti ya jiji itakayowajengea wote.

"Kupima viwanja hakumsaidii maskini."

Hapa ndipo jiji lina nguvu kuliko popote, na ndipo tunapozembea. Katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mitaa miwili jirani ilishughulikiwa kwa njia mbili tofauti. Sinza ilipimwa kabla watu hawajajenga: viwanja vidogo, barabara, mabomba, kisha kila mtu akajijengea kwa uwezo wake. Manzese watu walikuwa wameshajaa, kwa hiyo barabara na maji vikapenyezwa katikati yao. Tembea leo ukaone wapi gari la zimamoto linapita.

Ni kweli, Sinza imepanda bei na wengi wa kipato kidogo hawaimudu tena. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 nao ulikuwa na kasoro hiyo tangu mwanzo: bei iliwashinda wanyonge, na viwanja vingine vikakaa pori miaka na miaka. Dawa yake ni kupima viwanja vidogo zaidi, vingi zaidi, karibu na njia za mabasi, na kuviuza kwa awamu.

"Kodi ni makubaliano ya watu wawili, jiji halihusiki."

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005. Chukulia chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, 300,000, na dalali anataka yake ya mwezi mmoja. Mama lishe anayeweza kabisa kulipa 50,000 kila mwezi anakwama kwenye 350,000 za siku moja. Ndipo analala sebuleni kwa shemeji yake na wanawe, na kwa kuwa hayuko barabarani hakuna anayemhesabu kuwa hana makazi. Ukomo wa kodi ya kutanguliza utahitaji Bunge, lakini mkopo mdogo wa kianzio cha kodi, unaorejeshwa kila mwezi kupitia ofisi ya serikali ya mtaa, halmashauri inaweza kuujaribu hata kwenye mitaa miwili tu ya Temeke.