Kwa Nini Kanisa la Hallgrímskirkja Linafanana na Nguzo za Volkano?

Je, wajua kwamba jengo ambalo wageni wengi hulitaja kuwa kanisa kuu la Kilutheri la Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, si kanisa kuu? Hallgrímskirkja, lenye mnara wa mita 74.5 unaoonekana karibu kila pembe ya mji, ni kanisa la usharika. Hadhi ya kanisa kuu haitokani na urefu wa mnara wala wingi wa viti, bali hutokana na kiti cha askofu, na Askofu wa Iceland kiti chake kipo Dómkirkjan, kanisa dogo lililowekwa wakfu mwaka 1796 kisha likapanuliwa katikati ya karne ya 19, ambalo limesimama jirani na jengo la bunge. Msanifu wa Hallgrímskirkja, Guðjón Samúelsson, alisanifu kweli kanisa kuu mjini humo, ila ni la Wakatoliki: Landakotskirkja, lililowekwa wakfu mwaka 1929.

Dhana nyingine inayohitaji kusahihishwa ni kwamba nguzo zilizopangwa mbele ya kanisa hilo, zikipanda kama ngazi kutoka pande mbili hadi kileleni, zimechongwa kwa mawe ya volkano. Nguzo hizo ni za zege. Iceland ilikuwa na miti michache mno ya kutoa mbao za ujenzi, na baada ya moto mkubwa wa mwaka 1915 kuteketeza sehemu ya katikati ya Reykjavik, ujenzi wa mbao ulidhibitiwa na zege likashika nafasi yake. Guðjón, akiwa msanifu wa serikali, alitafuta namna ya kulipa zege sura ya nchi yake, na sura hiyo aliipata katika miamba ya basalti, mawe meusi yanayotokana na lava, yaani uji wa moto wa volkano, ambayo mara nyingi husimama kama nguzo.

Miamba hiyo hupataje umbo la nguzo? Tabaka nene la lava linapotulia, huanza kupoa kwenye uso wake, na kila kinachopoa hunywea. Fikiria matope ya bwawa lililokauka wakati wa kiangazi: tabaka la juu hupungua ukubwa, lakini limeshikwa na lililo chini yake, hivyo haliwezi kusogea lote kuelekea katikati, na badala yake hupasuka vipande vipande. Lava hufanya vivyo hivyo kwa sababu ya kupoa, si kukauka, na nyufa zake haziishii juu. Kadiri ubaridi unavyopenya ndani, ufa nao huufuata, hatua kwa hatua, hadi kipande kilichoanza kama kigae kinakuwa nguzo ndefu. Mpangilio unaopunguza mvutano kwa nyufa chache zaidi ni ule wa nyufa tatu kukutana kwa nyuzi 120, na ndiyo maana nguzo nyingi huwa na pande sita, ingawa zenye tano au saba si haba. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2018 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool yalionyesha kwamba mpasuko huo hutokea lava ikiwa imekwisha kuganda, kwenye joto la nyuzi 840 hadi 890 za Selsiasi.

Mara nyingi husimuliwa kwamba Guðjón aliiga maporomoko ya maji ya Svartifoss, yaliyozungukwa na nguzo za namna hiyo. Huenda ndivyo, lakini nguzo kama hizo zimetapakaa sehemu nyingi za Iceland, na yeye alitumia umbo hilo katika majengo mengine pia, likiwemo kanisa la mji wa Akureyri la mwaka 1940.

Michoro ya Hallgrímskirkja, lililopewa jina la Hallgrímur Pétursson, mchungaji na mtunzi wa tenzi wa karne ya 17, ilitoka mwaka 1937. Ujenzi ulianza mwaka 1945. Guðjón alifariki mwaka 1950, na ukumbi mkuu wa ibada uliwekwa wakfu mwaka 1986. Ndani hakuna mwamba wa kuigiza: kuna matao marefu yaliyochongoka ya mtindo wa Kigothi, kuta nyeupe, na kinanda cha mwaka 1992 kilichotengenezwa na kampuni ya Klais, chenye mabomba 5,275, ambacho peke yake kina kimo cha mita 15.