Sio kila tumbo linalochoma ni vidonda

Miaka sita niliitwa mtu wa vidonda vya tumbo na nilikuwa sijawahi kupima hata mara moja. Tumbo lilianza kuchoma nikiwa chuo, nikaenda duka la dawa nikapewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, likatulia, basi jina likaganda hapo hapo. Nikienda kwenye shughuli shangazi ananitengea wali mweupe na maziwa pembeni kama mtoto aliyeachishwa ziwa juzi. Kwa hiyo haya yanayosemwa mtaani kuhusu vidonda nimeyaamini mwenyewe, simcheki mtu.

Tuanze na hili la kwamba vidonda vinaletwa na pilipili, mawazo na kushinda njaa. Hata madaktari waliliamini miaka mingi, mpaka kule Perth, Australia, madaktari wawili, Robin Warren na Barry Marshall, mwanzoni mwa miaka ya 80 wakaonyesha kuna bakteria anaishi tumboni, ndo huyu H. pylori tunayemsikia kila siku. Wakabishiwa sana, basi mwaka 1984 Marshall akamnywa huyo bakteria yeye mwenyewe, siku chache mbele akaanza kutapika, walipomwingizia kamera ndogo tumboni wakakuta utando wa tumbo umevimba. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel wote wawili. Pilipili inawasha sikatai, ikikusumbua iache, ila haikutoboi. Wanaotoboa hasa ni huyo bakteria, na wa pili ambaye hatumtaji kabisa ni dawa za maumivu, diklofenaki, brufeni, aspirini. Unakuta mtu mgongo unamsumbua anameza diklofenaki kila siku mwezi mzima, tumbo likianza kuchoma analaumu maharage. Maharage yamekosa nini jamani?

Maziwa nayo. Yanapoza kweli, dakika chache, halafu tumbo linatoa asidi zaidi kwa ajili ya kuyasaga na moto unarudi. Kunywa kama unayapenda, ila sio dawa.

Halafu kuna "vidonda haviponi, ni ugonjwa wa kuishi nao", na hili ndo linanikera zaidi maana limewafanya watu wakate tamaa. Vidonda vya bakteria vinapona. Kawaida unapewa antibayotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, siku 10 mpaka 14. Shida ni kwamba siku ya tano maumivu yameisha, mtu anaacha, vilivyobaki anamgawia jirani, bakteria kabaki mle ndani na safari hii anaweza kuwa sugu. Na wengine wanamaliza dozi vizuri tu, wanaenda kupima damu, inasoma pozitivu, wanaanza kulia upya. Kile kipimo cha damu kinaangalia kinga ambazo mwili ulitengeneza, na zinaweza kukaa miezi hata miaka wakati bakteria mwenyewe kashakufa zamani. Omba kipimo cha choo au cha pumzi, angalau wiki nne baada ya kumaliza antibayotiki, na omeprazoli uwe umeisimamisha wiki mbili kabla maana inaweza kumficha bakteria ukaambiwa huna kumbe yupo.

Mimi nilipokuja kumeza kamera, kidonda hakikuonekana hata kimoja. Na wala sio ajabu, watu kibao wenye tumbo la kuchoma na kujaa wakipimwa hawakutwi na kidonda. Nyumbani wakasema aah, basi yalikuwa mawazo tu, unajiumiza bure. Hapana. Utumbo una mtandao wake wa mishipa ya fahamu, seli zaidi ya milioni 100, zinaongea na ubongo muda wote, na kwa wengine mtandao huo unakuwa mwepesi mno kushtuka, tumbo la kawaida kabisa unalisikia kama linapasuka. Maumivu ni ya kweli. Msongo na kukosa usingizi vinayapandisha, ndo maana daktari aliniuliza nalala saa ngapi kabla hajaniuliza nakula nini, nikamshangaa.

Kilichonitia aibu ni majibu mengine. Damu ilikuwa imepungua. Miaka sita nimekwepa maharage, nyama, machungwa, dagaa, kila kitu alichonikataza mtu yeyote hata konda wa daladala, naishi kwa uji na viazi vya kuchemsha halafu nashangaa nachoka nikipanda ngazi. Orodha ya makatazo ya mwenzako sio yako, kinachomchoma yeye kinaweza kisikuguse kabisa. Nilirudisha kimoja kimoja, kila baada ya siku kadhaa, nikiandika kwenye simu. Kinachonichoma mpaka leo ni kahawa asubuhi kabla sijala, na kula usiku wa manane.

Ila ukitapika damu au kitu kama masalia ya kahawa, au choo kikiwa cheusi kama lami, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Kupungua uzito bila sababu au chakula kukwama ukimeza navyo usivikalie. Kwenye choo cheusi tu, kama unameza vidonge vya kuongeza damu mwambie daktari, navyo vinageuza rangi, mimi nilikimbia hospitali saa tano usiku kwa hilo.