Kufunga na mlo wa keto kwa mwenye ugonjwa wa McArdle: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nilikuwa na miaka 14, nimekalia mbuzi nakuna nazi ya futari. Kifuu cha kwanza hakijaisha, vidole vya mkono wa kulia vikajikunja na kugoma kufunguka. Vilikaa hivyo karibu saa nzima. Mama akavikanda kwa maji ya moto, shangazi akasema huo ni uvivu wa mabinti wa siku hizi. Asubuhi yake mkojo ukatoka mweusi kama chai ya rangi, nikatibiwa malaria. Jina la ugonjwa wangu, McArdle, nilikuja kulipata nikiwa na miaka 31.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa mwaka 1951 na Brian McArdle, daktari wa Guy's Hospital, London. Mwaka 1959 ikajulikana kinachokosekana: kimeng'enya cha kuvunja glaikojeni, ile sukari ambayo msuli hujiwekea akiba. Ni kama debe la unga lililojaa jikoni lakini kifuniko hakifunguki. Unga upo, watu wana njaa. Ini lina kimeng'enya chake tofauti, kwa hiyo ghala la ini linafunguka vizuri na sukari ya damu haishuki ovyo. Kasoro hii ni ya kurithi, na lazima uipate kwa baba na kwa mama pia.

Tangu nipate jina hilo, kila ninayemweleza ana ushauri wa chakula, na mwingi unahusu kufunga.

"Funga, mwili uzoee kuchoma mafuta, misuli itapona"

Haitapona. Mfungo haurudishi kimeng'enya ambacho jeni haikukiandika. Lakini ushauri huu una chembe ya ukweli, nayo ndiyo inayowapoteza watu. Ni kweli mtu akikaa na njaa mafuta huongezeka kwenye damu, na ni kweli msuli wa McArdle unayatumia. Tatizo ni kwamba mafuta yanachelewa, tena yanataka hewa nyingi. Kupanda ngazi, kubeba ndoo, kukamua blanketi, kukimbilia daladala: kazi hizo msuli huzifanya kwa akiba yake ya ndani, na ya kwangu ndiyo imefungwa.

Nikitoka nyumbani kwenda kituoni, dakika chache za mwanzo mapaja yanawaka kama nimepanda mlima na moyo unadunda. Napunguza mwendo, nasimama kidogo, naendelea. Ikifika kama dakika ya nane au ya kumi, kitu kinaachia. Moyo unatulia, miguu inakuwa myepesi, na naweza kutembea saa nzima. Hapo damu imeshaleta mafuta pamoja na sukari kutoka ini. Ukifunga, au ukila keto (mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana), zile dakika za mwanzo bado utazipitia polepole.

"Keto ni dawa iliyothibitishwa"

Mwaka 2003 watafiti waliwapa wagonjwa wa McArdle gramu 75 za sukari kabla ya kuendesha baiskeli ya maabara, na mazoezi yakawa mepesi kwao waziwazi. Baadaye ikaonekana hata gramu 37, kama vijiko tisa vya chai, zinasaidia zikinywewa dakika tano kabla ya kuanza. Utafiti mwingine wa 2008 ulilinganisha mlo wenye wanga mwingi na mlo wenye protini nyingi, wanga ukashinda.

Kisha ikaja keto. Jaribio dogo la awali nchini Denmark lilitia moyo. Jaribio lililofuata, ambamo mlo wa keto wa wiki tatu ulilinganishwa na mlo mwingine, lilionyesha mwili unachoma mafuta zaidi, na wagonjwa wengine walijisikia vizuri. Ila mapigo ya moyo wakati wa mazoezi, kipimo kilichotegemewa hasa, hayakuwa na tofauti ya maana.

Mimi niliijaribu miezi miwili: samaki, mayai, mchicha wa nazi, parachichi. Wiki ya kwanza nilikuwa hoi, maana sukari ya ini imepungua na ketoni, nishati ambayo ini hutengeneza kutokana na mafuta, hazijatosha. Baadaye nilihisi matembezi yamenyooka kidogo. Ngazi zilibaki zile zile. Simkatazi mtu mzima kuijaribu akiwa na daktari anayemfuatilia. Ninachokataa ni kuiita dawa. Na sukari kabla ya mazoezi nayo si ya kunywa kutwa. Uzito ukiongezeka, kila hatua inakuwa mzigo, na mwenye kisukari hawezi kuiga tu.

"Magonjwa ya nishati ya misuli ni yale yale, kilichomfaa fulani kitakufaa"

Hii ndiyo inayoweza kuua, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Kuna watu ambao debe lao la sukari linafunguka, ila mafuta ndiyo hayapiti. Wenye upungufu wa CPT II, uliotambuliwa mwaka 1973, hawawezi kuyaingiza mafuta vizuri ndani ya mitokondria, vijitanuru vya seli, yachomwe. Mwenzao ni upungufu wa VLCAD, kimeng'enya kingine cha kuchoma mafuta. Kwa watu hawa kufunga, homa, baridi au mwendo mrefu bila kula kunaweza kuvunja misuli hadi figo zikafeli. Wao hushauriwa kula wanga wa kutosha, mafuta ya kawaida kidogo, na wasikae na njaa. Kumpa mtu huyo keto ni kumjazia kuni zisizowaka kisha kumzimia jiko.

Ugonjwa wa Cori, yaani GSD III (GSD ni kifupi cha Kiingereza cha magonjwa ya akiba ya glaikojeni), hugusa ini pia, kwa hiyo njaa hushusha sukari ya damu. Watoto wengi wenye ugonjwa huo hupewa wanga wa mahindi usiopikwa ili usiku uwapite salama. Na wenye ugonjwa wa Tarui wamegeuka kabisa: sukari inayonisaidia mimi kabla ya kutembea huwaongezea wao udhaifu, kwa kuwa kizuizi chao kiko mbele, baada ya sukari kuingia kwenye msuli, na sukari hiyo hupunguza mafuta waliyokuwa wakiyategemea.

Wote hao wanaweza kufika hospitali na malalamiko yanayofanana: misuli inauma, mkojo mweusi. Usibadilishe chakula kabla hujajua ugonjwa wako unaitwaje.

"Ramadhani umefunga mara ngapi, keto itakushinda nini?"

Bibi yangu aliniambia hivyo kwa mapenzi kabisa. Lakini mfungo wa Ramadhani hauna maji, na maji ndiyo yanayolinda figo msuli ukivunjika. Kwangu si njaa inayonitisha, ni kiu pamoja na kazi: kutwanga, kukuna nazi, kubeba sufuria za futari saa kumi jioni mwili ukiwa mkavu. Nilipozungumza na daktari na sheikh, tulikubaliana nifunge siku ambazo sina kazi nzito, nile daku kweli kweli, na mkojo ukibadilika rangi nifungue papo hapo. Mwingine atazuiwa kabisa. Aya ya 184 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine, na imetaja fidia ya kulisha masikini.

"Basi tulia tu, usijisumbue"

La. Msuli usiotumika hudhoofika zaidi. Matembezi ya taratibu mara kwa mara yanasaidia.

Kwenye pochi yangu kuna kadi niliyoichapa mwenyewe, kwa Kiswahili na Kiingereza: "Nina ugonjwa wa McArdle, GSD V. CK yangu (kimeng'enya kinachovuja kwenye damu msuli ukiumia) iko juu siku zote. Mkojo wangu ukiwa mweusi, kipimo cha kijiti kitaonyesha damu, lakini kwenye darubini chembe nyekundu hazitaonekana, ni mayoglobini, protini ya msuli uliovunjika. Tafadhali niwekeeni maji ya mishipa na mpime figo." Nimeitoa mara mbili. Mara ya pili muuguzi aliisoma, akaondoka, akarudi na dripu.